Njaa Haipangi Tarehe

China ya makaizari haikuwahi kukosa njaa. Mto Njano ulivunja kingo zake kizazi baada ya kizazi, ukame ukafuata mafuriko, nzige wakafuata ukame, na mtoza ushuru akaja nyuma ya wote hao bila kukosa. Kama njaa peke yake ingetosha kuwainua wakulima, wangeinuka kila mwaka. Hawakuinuka. Walifanya yale ambayo wenye njaa hufanya popote: waliuza shamba, wakauza watoto, wakahama, au wakavamia ghala la tajiri wa jirani na kutawanyika kabla askari hawajafika.

Mara chache waliinuka kweli, na mara nyingi nyuma ya dini. Ndiyo maana maelezo mawili yaliyozoeleka kuhusu maasi ya kidini ya wakulima hawa hayanitoshi. La kwanza ni la watawala wenyewe: wakulima ni wajinga, wamerogwa na waganga. La pili ni la wanahistoria wa China mpya ya baada ya 1949: dini ilikuwa joho tu, na ndani ya joho mlikuwa na vita vya matabaka. La kwanza linaidharau imani, la pili linaivua na kuitupa pembeni. Yote mawili yanaliruka swali la kiutendaji: mkulima wa kijiji kimoja alijuaje kwamba siku fulani, mkulima mwingine asiyemjua, aliye mwendo wa siku kumi, naye ataweka jembe chini na kushika panga?

Tuanze na Zhang Jue wa Julu, katika Hebei ya leo. Chini ya Kaizari Ling wa nasaba ya Han, kumbukumbu za serikali zinataja milipuko mikubwa ya maradhi mwaka 171, 173, 179 na 182. Zhang Jue alikuwa akitibu. Mgonjwa alisujudu, akakiri makosa yake, kisha akanywa maji yaliyotiwa hirizi. Msomaji wa pwani angeyaita kombe bila kusita. Aliyepona ilisemwa ana imani, na asiyepona ilisemwa imani yake haba. Dawa ya namna hii haishindwi kamwe. Baada ya miaka kumi na ushei alikuwa na wafuasi laki kadhaa katika majimbo manane, akawagawa katika vikosi 36: kikubwa kilikuwa na watu zaidi ya 10,000, kidogo 6,000 au 7,000, kila kimoja na kiongozi wake. Hakuna mwenye shamba wala afisa wa wilaya aliyekuwa na daftari la watu kama hilo nje ya daftari la kodi.

Kisha akatoa tarehe. Wito ulikuwa mfupi: Mbingu ya buluu imekufa, Mbingu ya manjano itasimama, mwaka ni jiazi, dunia itaneemeka. Jiazi ni mwaka wa kwanza katika mzunguko wa miaka 60 wa kalenda ya Kichina, na safari hiyo uliangukia mwaka 184. Hapo ndipo penye werevu. Mwaka wa namna hiyo hauhitaji barua wala mjumbe wa kukamatwa njiani. Kila mwenye kuhesabu kwa vidole anaujua. Wafuasi waliandika herufi mbili za jiazi kwa udongo mweupe kwenye malango ya ofisi za serikali, mji mkuu na majimboni. Kwa asiyejua ni jina la mwaka tu. Kwa anayejua ni amri.

Lakini mwaka hautoshi kwa vita; lazima kuwe na siku. Ikapangwa siku ya tano ya mwezi wa tatu, na kiongozi mmoja, Ma Yuanyi, akaingia Luoyang kula njama na matowashi wa ikulu. Mwanafunzi wa Zhang Jue mwenyewe, Tang Zhou, akaandika barua serikalini. Ma Yuanyi alichanwa vipande kwa magari ya farasi, watu zaidi ya 1,000 wakauawa mjini, na Zhang Jue akalazimika kutuma wapiga mbio usiku na mchana kuvihimiza vikosi viinuke mara moja, mwezi mzima kabla ya wakati. Walijifunga vitambaa vya manjano kichwani ili wajuane, na ndivyo historia inavyowaita: Vilemba vya Manjano.

Kabla mwaka haujaisha, Zhang Jue alikuwa amekufa kwa ugonjwa, jambo lisilopendeza kwa mganga. Ndugu yake Zhang Liang alikuwa amejifungia na watu wake Guangzong. Jenerali Huangfu Song alisubiri mpaka walipolegea, akawavamia jogoo la kwanza. Takwimu za washindi zinasema waliouawa ni 30,000 na waliotumbukia mtoni wakikimbia ni 50,000. Zipunguze utakavyo. Mpango ulikuwa umekwisha kuvunjika tangu barua ya Tang Zhou.

Sasa mtazame mtu wa pili wa enzi hiyohiyo, Zhang Lu wa Hanzhong, ambaye hana undugu na wale wengine. Dhehebu lake lilijulikana kwa jina la Vipimo Vitano vya Mchele, kwa sababu ndicho kiingilio: vipimo vitano vya wakati wa Han vilikuwa kama lita 10, yaani nusu debe. Huko nako mgonjwa alikiri makosa, ila kwa karatasi: jina lake na toba yake viliandikwa nakala tatu, moja ikawekwa mlimani kwa ajili ya mbingu, ya pili ikazikwa ardhini, ya tatu ikazamishwa majini. Mchele uliokusanywa haukuishia mfukoni mwa mtu. Barabarani kulijengwa nyumba za wasafiri zenye mchele na nyama bila malipo. Kila mtu ale kwa kadiri ya tumbo lake, na atakayezidisha, mizimu itamuuguza. Mkosaji alisamehewa mara tatu kabla ya kuadhibiwa. Mwenye kosa dogo alitengeneza hatua 100 za barabara. Hakukuwa na maafisa wa serikali. Viongozi wa dini ndio waliohukumu.

Zhang Lu alitawala karibu miaka 30, na mwaka 215 alipozidiwa na mbabe wa vita Cao Cao alijisalimisha, akapewa cheo na heshima. Imani ileile ya toba na maji, hirizi zilezile, njaa ileile, na matokeo tofauti kabisa. Naona tofauti kubwa moja: Zhang Lu hakupanga siku ya kupindua dunia. Alikuwa na ghala, barabara na mahakama, ila hakuwa na tarehe ya kuvuja. (Milima ya Hanzhong nayo ilisaidia, sikatai.)

Kuvuja huku si ajali ya mwaka 184 pekee. Mwaka 1351 utawala wa Wamongolia uliwakusanya vibarua 150,000 kuuchimba upya mkondo wa Mto Njano. Han Shantong na Liu Futong, wa madhehebu yaliyomngoja Buddha ajaye, Maitreya, walizika kwenye njia ya uchimbaji sanamu ya mtu wa jiwe mwenye jicho moja. Wimbo ulikuwa umekwisha kuenezwa kwamba jiwe hilo likiutikisa mto, dunia nzima itaasi. Vibarua wakalifukua. Lakini njama ilijulikana mapema, Han Shantong akakamatwa na kuuawa, na Liu Futong akaanza vita bila yeye. Mwaka 1796 wafuasi wa dhehebu la Yungiyungi Jeupe huko Hubei walichagua siku ya 10 ya mwezi wa tatu, ambapo mwaka, mwezi na siku vyote vilikutana katika alama moja ya joka. Wakainuka mwezi wa kwanza, kwa sababu wapelelezi walikuwa mlangoni.

Kwa nini iwe hivyo kila mara? Kwa sababu maandalizi yana harufu. Mtu anayejua dunia inaisha mwezi ujao huuza ng'ombe, hununua kisu, humwonya shemeji. Na dhehebu lenyewe lilikuwa na sababu ya fedha ya kutotunza siri. Undani wake unaonekana vizuri katika maasi ya Alama Nane ya mwaka 1813, ambayo tunayajua kwa maungamo ya waliokamatwa.

Imani yao ilikuwa ya Mama wa Milele, aliyewapoteza watoto wake duniani na sasa anawaita nyumbani. Mwanafunzi alifundishwa herufi nane za kukariri, akaapishwa, akawa mtoto wa mwalimu wake. Naye akipata wanafunzi anakuwa baba. Kamba ilifungwa kwa mtu na mtu, si kwa kijiji na kijiji, kwa hiyo ilipita chini ya pua ya hakimu wa wilaya, ambaye kwa wakati huo mmoja aliweza kuwa na watu zaidi ya 200,000 mikononi. Mwanafunzi alitoa fedha, nayo ilipanda ngazi hadi kwa kiongozi. Iliitwa fedha ya kupanda baraka. Lin Qing, kiongozi wa vijiji vya kusini mwa Beijing, aliahidi kwamba atakayetoa sarafu 100 za shaba atapewa baada ya ushindi shamba la mu 100, karibu ekari 15. Sisi tungeuita upatu. Na upatu una kanuni yake: ukiacha kuandikisha watu wapya, fedha inakauka, ukiendelea kuandikisha, siri inazidi kupata midomo.

Tarehe nayo ilikuwa na tatizo la kipekee. Utabiri ulitaja siku ya 15 ya mwezi wa nane wa pili, yaani mwezi wa nyongeza unaotiwa ili kalenda ya mwezi isiachane na majira. Lakini wanajimu wa serikali walikuwa wameuhamisha mwezi huo wa nyongeza hadi mwaka uliofuata. Wafuasi wakajibu kwamba kalenda ya serikali ndiyo iliyokosea: siku ya kweli ni ile ambayo watawala wanaiita ya 15 ya mwezi wa tisa. Kwa hesabu yetu, tarehe 8 Oktoba 1813.

Mpango ulikuwa na mikono miwili. Li Wencheng angeinuka Huaxian, Henan, kilomita mia kadhaa kusini, na kuleta watu Beijing. Lin Qing angeingiza kikundi kidogo ndani ya kasri la Kaizari wakati Kaizari mwenyewe yuko safarini. Henan ikavuja kwanza. Hakimu wa Huaxian alimkamata Li Wencheng na kumtesa mpaka miguu ikavunjika. Wafuasi wake wakavamia mji siku ya saba ya mwezi, wakamtoa gerezani na kumuua hakimu. Kumbe sasa Li Wencheng ana mji, ila hawezi kutembea, na Lin Qing hana habari. Hakukuwa na njia ya kumwambia. Tarehe takatifu ndiyo iliyokuwa mawasiliano yao, na tarehe haina mdomo wa kusema kwamba mambo yamebadilika.

Siku ilipofika Lin Qing alibaki nyumbani kijijini, akiwangoja watu wa Henan. Aliowatuma walikuwa kama 250 kwenye mpango. Waliotokea ni wachache kuliko hapo. Kila mmoja alikuwa na vitambaa viwili vyeupe, kimoja cha kichwani na kimoja cha kiunoni, na visu walivyovificha kama wachuuzi. Wangeingia adhuhuri kupitia malango mawili, mashariki na magharibi, wakiongozwa na matowashi wenzao katika dhehebu. Lango la mashariki, Donghua, wakakutana na wapagazi wa makaa wanaoingiza mizigo. Wakagombania njia. Katika kusukumana, visu vikaonekana. Walinzi wakafunga lango, na walioingia upande huo hawakuzidi wanaohesabika kwa vidole. Magharibi waliingia kadiri ya 70, wakafunga lango nyuma yao, wakafika karibu na makao ya ndani. Mwana wa mfalme, Mianning, aliyekuwa na miaka 31, akawapiga wawili kwa bunduki. Miaka saba baadaye ndiye aliyerithi kiti. Lin Qing alichukuliwa nyumbani kwake siku mbili baadaye na watu waliojifanya wamekuja kumwita mjini kwa ushindi. Huaxian ilidumu hadi mwanzoni mwa Januari 1814. Kichwa cha mshale bado kimekwama kwenye ubao wa jina wa Lango la Longzong, na wageni wanaotembelea kasri huonyeshwa.

Watu huwa wanacheka wakifika hapa, kwa sababu ya wapagazi wa makaa. Mimi naona cha kushangaza ni kwamba walifika. Wakulima na vibarua, kwa fedha ya sarafu mia mia, waliufikia ukumbi ambao majeshi makubwa yameshindwa kuufikia.

Kuna kiungo kingine ambacho dini ilileta, nacho ni ujasiri wa mtu wa kwanza. Mtu wa mia haogopi. Wa kwanza ndiye anayepigwa. Wang Lun, aliyeasi Shandong mwaka 1774, aliwafundisha watu wake kufunga kwa kunywa maji na kuamini kwamba risasi haitawapata. Aliteka miji mitatu midogo, akauzingira Linqing kwenye Mfereji Mkuu. Mizinga ya ukutani ilipokosa shabaha, watetezi nao wakaamini: wakapandisha ukutani wanawake malaya na kumwaga damu ya mbwa weusi ili kuvunja uchawi wa adui, kisha wakafyatua. Ikapiga. Pande zote mbili zikatosheka na maelezo. Mtanzania atakumbuka Ngarambe na Kinjikitile Ngwale, na si kwa kufanana tu: Wajerumani waliopigana na Maji Maji mwaka 1905 ni dola ileile iliyoinyakua Ghuba ya Jiaozhou, Shandong, Novemba 1897, na kuchochea hasira iliyozaa Mabondia wa 1900, waasi wa China waliopigana na wageni. Na kote maji au pumzi ya mizimu ilifanya kazi ileile mpaka mkupuo wa kwanza wa risasi: kuwaunganisha watu wa koo na vijiji ambavyo havikuwa na sababu ya kuaminiana.

Serikali zilijifunza nini? Polepole, na kwa gharama. Dawa ya kwanza ilikuwa msako. Baada ya 1794 maafisa wa Qing, nasaba ya Wamanchu iliyotawala China wakati huo, waliingia vijiji vya Hubei na Sichuan kutafuta wafuasi wa Yungiyungi Jeupe, na kila karani akageuza msako kuwa mradi: mwenye fedha hana dhehebu, asiye nayo ni muasi. Kiongozi mmoja aliyekamatwa, Wang Sanhuai, alisema maafisa ndio waliowalazimisha watu kuasi, na maneno hayo yalifika hadi kwa Kaizari Jiaqing. Vita vilidumu hadi 1804 na hutajwa kuwa vilimeza kiasi cha tael milioni 120 za fedha (tael ni kipimo cha Kichina cha uzito). Kilichovimaliza si wapanda farasi wa Manchu. Wanavijiji walihamishiwa ndani ya ngome za udongo pamoja na nafaka yao yote, mashamba yakaachwa matupu, na mgambo wa kijiji wakalinda. Waasi wa kuzungukazunguka milimani walikosa chakula na watu wapya kwa wakati mmoja. Ni dawa kali, ila ililenga mahali penyewe: kamba ya mtu na mtu haipiti ukuta unaofungwa jioni.

Taiping, waasi wa kusini wa katikati ya karne ya 19, walikuwa na ugonjwa tofauti. Hong Xiuquan, mwalimu aliyeshindwa mitihani ya serikali mara nne na kuamini kwamba yeye ni mdogo wake Yesu, hakusalitiwa na tarehe. Waumini wake wa Guangxi waliweka mali zote katika hazina moja takatifu, wakatangaza ufalme wao Jintian Januari 1851, na Machi 1853 wakaiteka Nanjing. Shida yao ilikuwa sauti. Mwaka 1848, Hong alipokuwa mbali na kundi likiwa karibu kusambaratika, mchoma makaa Yang Xiuqing alianza kusema kwa sauti ya Mungu Baba mwenyewe, na Hong akaithibitisha, kwa sababu iliokoa jahazi. Desemba 1853 sauti hiyohiyo ikaamuru Hong, mfalme wa mbinguni, achapwe viboko 40. Hong akalala chini kuvipokea, ndipo akasamehewa. Unadhani yangeishia wapi? Septemba 1856 Yang aliuawa pamoja na jamaa zake na maelfu ya watu wake, na jeshi lililokuwa likiitetemesha Beijing halikupona jeraha hilo, ingawa Nanjing ilidumu hadi Julai 1864. Waliokufa katika vita vyote hukadiriwa kuwa milioni 20 hadi 30.

Serikali ya kikomunisti ilichonga maasi ya Jintian kwenye Mnara wa Mashujaa wa Umma katika uwanja wa Tiananmen. Serikali hiyohiyo, Aprili 25, 1999, iliamka na kukuta wafuasi wapatao 10,000 wa Falun Gong wamesimama kimya nje ya Zhongnanhai, makao ya viongozi wa nchi, jirani na kasri lile la 1813. Hawakuwa na visu wala vitambaa. Walikuwa wamefika siku moja, mahali pamoja, bila ruhusa. Julai dhehebu likapigwa marufuku. Nyimbo za kuwasifu wakulima wa zamani hazikuwasahaulisha watawala jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi.

Aliyeijua kazi hiyo kuliko wote alikuwa Zhu Yuanzhang. Mwaka 1344 njaa na maradhi vilimwacha yatima kijijini. Akawa mtawa mdogo hekaluni, akaombaomba njiani, na mwaka 1352 akajiunga na Vilemba Vyekundu vilivyotokana na maasi ya mtu wa jiwe. Mwaka 1368 alikuwa kaizari, mwanzilishi wa nasaba ya Ming. Sheria yake ikawataja kwa jina Yungiyungi Jeupe na dini ya Maitreya: kiongozi anyongwe kwa kamba, wafuasi wapigwe fimbo 100 na kupelekwa uhamishoni li 3,000 (li moja ni karibu nusu kilomita). Kati ya matendo yaliyoharamishwa ni kuficha sanamu, kuchoma ubani mbele ya umati, na kukusanyika usiku na kutawanyika alfajiri. Nasaba ya Qing ilikichukua kifungu hicho karibu kama kilivyo.